Bildi Katika Lambo



Samaki wa Tura wengi hawaogelei kuja kwetu, wanapanda treni. Dagaa wa Kigoma na migebuka ya kukaushwa hushushwa hapa stesheni kwenye magunia, na kwa nyumba nyingi ndiyo mboga mpaka mwisho wa mwezi. Wale wa hapa hapa, perege na kambale wa lambo, tumewaachia watoto wa shule na wazee wachache wenye subira. Kwa hiyo sikutegemea tafakari ya wiki hii itoke majini. Imetoka huko, na yenyewe imeletwa na treni.

Kijana mmoja wa ukoo wa hapa, mfanyakazi wa ofisi ya mahesabu Dar es Salaam, alikuja likizo ya siku tano kwa mama yake mdogo. Aliposhuka alikuwa na begi refu jembamba, watoto wakaanza kubishana kama ni bunduki au gitaa. Ilikuwa fimbo ya kuvulia, ya vipande vinne vya kuchomekana, pamoja na rili yake inayong'aa. Jioni alikuja kunisalimu. "Shikamoo mchungaji." Nikamwitikia marahaba. Akaniambia daktari amemwamuru apumzike, presha imepanda na usingizi haupati, na kwamba wenzake kazini wamemfundisha kuvua baharini siku za Jumapili baada ya (hapo alisita kidogo) baada ya ibada. Sikuuliza zaidi kuhusu ibada.

Kesho yake alfajiri tukaenda naye lamboni. Tulimkuta babu mmoja wa kanisa letu keshafika, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwanzi mkononi, boya lake la kipande cha ndala kuukuu limetulia juu ya maji. "Mwangaluka, babu." "Mwangaluka." Hakugeuza kichwa. Anayevua kwa mwanzi husalimia kwa mdomo tu, macho yana kazi nyingine.

Kijana akatoa kwenye begi mpira mweusi, saizi ya chungwa. Akaufunga kwenye mshipi mahali ambapo sisi tungefunga chubwi, akaurusha mbali, ukatua majini ukaelea. Kisha akafungua simu. Kwenye kioo picha ikaanza kujichora yenyewe: chini mstari mnene wa kahawia, ndiyo sakafu ya lambo, juu yake maji ya buluu, pembeni namba zinabadilika, mita 1.9, mita 2.1, mita 2.0. Mara moja moja kinapita kipinde chembamba, mfano wa ukucha uliokatwa. "Hicho ni samaki," kijana akasema, sauti imeshuka kama ya mtu aliye kanisani.

Babu hapo aligeuka. Aliinamia kioo, akaangalia vile vipinde kwa muda, kisha akauliza swali ambalo sijalimaliza mpaka leo: "Na wao wanatuona?"

Namna kifaa kile kinavyofanya kazi si uchawi, na nimejitahidi kuelewa kwa sababu najua Jumapili mtaniuliza. Ule mpira hupiga sauti kuelekea chini, sauti nyembamba mno kiasi kwamba sikio la mtu haliisikii. Sauti ndani ya maji huenda mbio, kama mita 1,500 kwa sekunde, ikigonga kitu hurudi, na kompyuta ndogo hupima muda wa kwenda na kurudi. Muda mfupi, kitu kiko karibu. Muda mrefu, kiko mbali. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea, na hewa ile ndiyo inayorudisha mwangwi vizuri kuliko mnofu na mifupa. Kile kipinde nacho kina sababu yake. Sauti hutanuka kadiri inavyoshuka, kama mwanga wa tochi. Samaki anapoingia pembeni yuko mbali kidogo, anapofika katikati yuko karibu, anapotoka yuko mbali tena. Kumbe unachokiona hapo ni safari ya samaki ukidhani ni umbo lake.

Mabaharia wa pwani walikuwa na kifaa hiki zamani, ila chao hakikuwa na betri. Walikiita bildi: uzi mrefu wenye risasi mwishoni, unautupa, unahesabu pima mpaka ugonge chini. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 mnakumbuka ile merikebu iliyombeba Mtume Paulo kwenda Roma. Usiku wa kumi na nne wa tufani, mabaharia walihisi nchi kavu iko karibu. Wakapima maji, pima ishirini. Wakasogea, wakapima tena, pima kumi na tano. Wakaogopa miamba, wakashusha nanga nne nyuma ya chombo, wakaomba kuche.

Nimeisoma sura ile mara nyingi, lakini wiki hii ndipo nilipogundua kinachofuata. Mara tu baada ya kupima, mabaharia walishusha mashua ndogo kwa kisingizio cha kutia nanga upande wa mbele. Walitaka kutoroka. Chomboni mlikuwa na watu 276, na wanaojua kina cha maji walikuwa wachache, nao ndio waliotaka kuondoka wawaache wengine gizani. Paulo akamwambia akida, askari wakakata kamba za mashua. Hakuna mahali Maandiko yanapolaumu kupima maji. Kilichozuiwa ni kuitumia ile elimu kujiokoa peke yako.

Sasa kuhusu historia ya chombo chenyewe nitapita haraka. Sauti ya kutafuta vitu majini ilikuzwa kwa ajili ya vita, kuwinda nyambizi. Mwaka 1948 mkoani Nagasaki, Japani, ambako miaka mitatu nyuma lilidondoshwa bomu la atomiki, ndugu wawili wa ukoo wa Furuno waliigeuza kuwa mashine ya kutafutia samaki ambayo wavuvi waliweza kweli kuitumia. Nalitaja hilo kwa makusudi. Nabii Isaya angelifurahia, upanga umekuwa jembe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Lowrance ya Marekani ilitengeneza kisanduku kidogo cha kijani kwa ajili ya watu wanaovua kwa burudani tu, na tangu hapo mambo hayakusimama. Leo kuna rili zenye kompyuta ndani, zinazopima mwendo wa kigurudumu unaporusha na kukifunga breki kidogo kidogo ili mshipi usifumane. Kuna vioo vinavyoonyesha samaki akigeuza kichwa kuifuata ndoana, wakati huo huo anapogeuza. Huko Marekani watu wa mashindano ya kuvua wanagombana kama huo bado ni uvuvi au ni mchezo wa video, na baadhi ya mashindano yameanza kuweka mipaka.

Huku kwetu Afrika Mashariki burudani hiyo ina makao yake. Shimoni, Watamu na Malindi, pwani ya Kenya, mashua hutoka kutafuta nduwaro na jodari zikiwa na vioo hivyo mbele ya nahodha. Kisiwani Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, wageni huvua sangara kwa kibali cha hifadhi. Hapa Tura kifaa kimoja, siku tano, ndiyo historia yetu yote.

Turudi lamboni. Ndani ya saa moja kijana alivua perege wanne. Babu hakuvua kitu. Mngetaka niwaambie kwamba babu alitoa kambale mkubwa mahali ambapo kioo kilikuwa kitupu, na mimi pia ningetaka, mahubiri yangekuwa rahisi. Haikuwa hivyo. Mashine ilifanya kazi. Ilisema samaki wako karibu na tuta, na walikuwa karibu na tuta.

Kilichonishughulisha ni kingine. Simu ile ile iliyomwonyesha samaki ndiyo iliyopokea ujumbe wa ofisini. Mtandao wetu, ambao siku zote tunaulaumu, asubuhi hiyo ulikuwa mzima kabisa. Kila baada ya dakika chache kipande cheupe kilishuka juu ya kioo kikafunika maji. Bosi anauliza lile faili. Nani ana nywila ya mfumo. Kijana alikuwa akikifuta kwa kidole gumba, mara ya tatu akajibu, mara ya nne akasimama akaenda kando kupiga simu. Perege wa tano aliuvuta mshipi hakuna wa kumwona, isipokuwa babu, aliyekohoa kwa heshima.

Tura ni mahali gani? Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita hapa mwaka 1857 akiwa na mwenzake Speke, akitoka pwani kwenda Kaze, yaani Tabora ya leo, aliandika maana ya jina letu: tua, weka chini mzigo. Nanyi mnaoongea Kinyamwezi hamhitaji Mzungu awaambie. Nyuma yao walikuwa wameacha Mgunda Mkali, lile pori la miiba na maji haba kati ya Ugogo na Unyamwezi, siku nyingi za kiu na hofu. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, kilo 30 na kitu, begani au kichwani. Kati ya mizigo hiyo vilikuwemo vyombo vya kupimia, saa za majira na vipimajoto, na vingi viliharibika njiani. Mwaka uliofuata, Speke alipolifikia Ziwa Victoria, alipima mwinuko wake kwa kuchemsha maji na kipimajoto cha kawaida cha kuogea. Babu zetu ndio waliobeba kompyuta za wakati ule, na walipofika hapa waliziweka chini pamoja na vitambaa na shanga, wakala ugali.

Mtu anayevua kwa burudani ametafuta Tura yake. Hana njaa. Samaki akipatikana vizuri, asipopatikana nyumbani kuna maharage. Alichokifuata ni kukaa mbele ya jambo asilolijua wala kulitawala, na kuridhika hivyo. Huo kwangu ni mfano wa Sabato, na siuoni kuwa mdogo. Sasa mtu huyo akija na chombo kinachomwambia kila kitu, tena kimefungwa kwenye waya ule ule unaoleta ofisi, ametua mzigo upande mmoja akaupakia upande wa pili. Nilimwambia kijana hivyo, kwa upole. Akacheka akasema, "Mchungaji, hata wewe simu yako iliita juzi kwenye maombi." Ni kweli. Iliita.

Lakini tusichanganye watu. Mvuvi wa Ujiji au wa visiwa vya Ziwa Victoria hakai majini kwa ajili ya kutojua. Kutojua kwake ni njaa ya watoto, na mara nyingine ni kifo. Huyo akipata kioo cha kumwonyesha kundi la dagaa liko wapi, akipata taa ya sola badala ya karabai inayokula mafuta ya taa usiku kucha, akipata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenye simu kabla hajaingia ziwani, mimi nitamshukuru Mungu pamoja naye. Kuna wahubiri wanaoichukia kila mashine kwa sababu hawajawahi kulala na njaa kandokando ya maji yenye samaki. Simoni Petro alitaabika usiku kucha bila kupata kitu, na Bwana hakumwambia kwamba kutopata kunamjenga kiroho. Alimwonyesha mahali pa kushusha nyavu.

Hatari iko mahali pengine, na nabii Habakuki aliiona mapema. Katika sura yake ya kwanza analalamika kuhusu Wakaldayo wanaokokota mataifa kama samaki, kwa ndoana, kwa wavu, kwa juya. Halafu anasema neno la ajabu: mtu huyo huutolea wavu wake sadaka, na juya lake hulifukizia uvumba, kwa sababu ndivyo vilivyomnenepesha. Hebu mwoneni: mtu mzima, mwenye akili zake, amepiga magoti mbele ya uzi uliofumwa, moshi unapanda. Tunamcheka. Lakini wavu unafukiziwa kwa namna nyingi. Anayesema "kifaa kimenipa" kila siku, asiseme hata mara moja "nimepewa", keshawasha mkaa. Na si wavuvi peke yao. Wakulima wa tumbaku na wenye pikipiki mmo humu, na mimi nina spika mpya ya kanisa ninayoifuta vumbi kuliko ninavyofungua Biblia.

Wavu ukishakuwa mungu hauna siku ya kupumzika. Hapo ndipo jambo linapowagusa samaki wenyewe. Zamani maji yalijilinda kwa giza lake. Usipojua walipo, huwezi kuwamaliza. Huku Tabora tunaye kamongo, ambaye kiangazi kikikausha mbuga hujichimbia kwenye tope, akajifunika, akangoja mvua. Wazee humtafuta kwa kuchoma udongo kwa kijiti, wanampata mmoja, wanawakosa wengi. Hicho anachokosa mzee ndicho kizazi cha mwaka unaofuata. Chombo kisichokosa kinataka mkono unaojizuia, maana kilichokuwa kinauzuia kimeondoka. Mwaka 2024 serikali yetu ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mboga kwa miezi ile ilikuwa shida hapa, nanyi akina mama mlinung'unika kwangu, na mlikuwa na haki ya kunung'unika. Ila mtu aliyesoma Walawi sura ya 25, pale nchi inapopewa mwaka wake wa saba usiolimwa, hawezi kushangaa. Ziwa nalo lilitua mzigo.

Lambo letu halina serikali ya kulifunga. Lina watoto wa shule. Asubuhi ile walikuwa wamefika kama kumi, wamesimama nyuma yetu, wamenyamaza, na mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Anaona ndani." Nilimwona kijana amesikia. Aliangalia kioo, akaangalia ile mianzi yao yenye ndoana za misumari, akawaza. Katika mashua ya Matendo 27, hapo ndipo kamba ilipokatwa na askari. Hapa hakukuwa na askari. Alichofanya ni kuwaita. Akawaonyesha palipo na samaki karibu na tuta, wakakimbilia kule wote kwa pamoja kwa kelele, na samaki bila shaka walikimbia. Alichukua wale perege wanne akawatunga kwenye ujiti, akampa mtoto aliyenong'ona.

Ndipo babu aliposema, "Hebu kirushe kule, usawa wa ule mwembe." Kijana akadhani mzee anajua maskani ya kambale. Akarusha. Akavuta taratibu. Mita 2.0. Mita 2.2. Halafu ule mstari wa kahawia ukaanguka ghafla, mita 4.3, ukakaa hivyo kidogo, ukapanda tena, mita 2.1. Kijana akasema pana shimo.

"Si shimo," babu akasema. "Ni kisima."

Kabla tuta halijajengwa, bonde lile lilikuwa na kisima kimoja cha watu wote. Mama yake alikuwa akiteka pale, na yeye akiwa mdogo alikuwa akiachwa chini ya mwembe amshikie mdogo wake. Mvua ya kwanza baada ya tuta kujengwa, maji yakapanda yakakifunika, na tangu siku hiyo hakuna aliyekiona. Tope limeingia, alikadiria, maana zamani kilikuwa kirefu zaidi ya hapo. Ila kipo.

Simu ikaita tena, kile kipande cheupe kikashuka juu ya picha. Kijana akakifuta, safari hii bila kukisoma.

Babu alikuwa ameuweka mwanzi wake chini, kando ya ndoo. "Rudia tena," alisema. "Vuta polepole."